Rubani Anapoanza Kucheka

Ndani ya basi, bibi mmoja alitega sikio kiti cha mbele, ambako kijana aliyepakata parachuti alikuwa akijigamba kwa muuguzi asiyemjua.

"Leo tunapanda juu kabisa, dada, hewa haba. Mtungi wa oksijeni tunauacha, mzito. Rubani wetu kazoea."

"Hewa ikimpungukia mtajuaje?"

"Huanza kuchekacheka peke yake. Hapo tunajua tumefika, tunaruka."

Bibi akaguna moyoni: kumbe kipimo chao ni meno ya dereva wa ndege!

"Nyinyi mna maparachuti," muuguzi akasema. "Yeye je?"

"Yeye ana ndege."

"Na akizimia kabla hamjafungua mlango, mdogo wangu?"

Kijana akajikuna kisogo. Basi likasimama.

"Uwanja wa ndege, wa kushuka!" kondakta akaita. Akaita tena. Kijana alikuwa bado amekaa.