Maziwa ya Ladislas ku Moto

"Ladislas, toa ile sufuria ku moto!"

"Baba, mutoto anakufa!"

"Na ngombe zikikufa, utakamua nini? Utanikamua miye?"

Wasikilizaji wapendwa, makelele ilikuwaka vile, asubui moja ya mwaka 1954, mu nyumba ya muzee Rukara, kule Kirolirwe. Juzi tumemuzika mutoto wake, Papa Ladislas Nzabandora. Banafunzi bengi ya université banamujua: alibafundisha sosioloji, mwaka ya kwanza. Lakini yeye mwenyewe alifundishwaka pale, mbele ya ile sufuria.

Mutoto wa Ladislas, Verdiane, alikuwa anahara damu. Munganga wa Sake alisema: maziwa yake muchemushe mpaka ipande. Rahisi, eh? Hapana. Kwa batu ya ngombe, zamani ile, maziwa haipandake ku moto. Nasema tena: haipandake ku moto. Ukiichemusha, ngombe inakauka matiti, kisha inakufa. Yako, na ya jirani.

Polisi wa maziwa hakukuwa. Hata Bulamatari, serikali ya Babeleji, hakuandikaka ile sheria. Lakini ukiivunja, hakuna muntu atakupa kaa la moto. Hakuna atakusalimia. Ukifa, hakuna atakuchimbia. Baadaye sana, mu masomo, Ladislas alisikia majina yake: norme, ile sheria, na sanction, azabu yake. Mikono yake ilikuwa imeshajua. Ilimwanga maziwa kidogo kando ya sufuria.

Bibi yake, Jeannette, mama ya Verdiane, alikuwa mutoto wa Kibua, batu ya pori kule Walikale.

"Kwetu ngombe hakuna," akamuambia. "Mwanaume muzima, unaogopa sufuria?"

"Na weye? Jana magaribi ulikataa kutaja jina ya chui, eti itasikia ikuje. Nani alikuwa anaogopa?"

Jeannette akasukuma kuni ku moto.

Kisha myaka mingi, Ladislas aliambia dada yake Adelaïde: "Pale niliona, woga yetu haiko ya kuzaliwa nayo. Yangu nilifundishwa, yake alifundishwa. Lakini kujua vile haikuondoa woga. Hata kidogo."

Maziwa ikaanza kupanda. Inje, ngombe moja ikalia, sauti mubaya, ya kuvuta. Mama yao Daphrose akaziba maskio. Adelaïde, alikuwa kandokando ya mama, anasema: "Baba hakukuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Meno yake ilikuwa inagongana. Sijaonaka muzee anaogopa vile."

Ladislas akapoza maziwa, akamunywesha mutoto.

"Jirani Kanyamibwa amesimama inje, ku lupango yetu," Rukara akasema, chinichini. "Ananusa maziwa. Ladislas, bataniacha nife peke yangu."

"Habatakuacha. Sema ni miye. Sema umenifukuza."

"Sijakufukuza, mutoto wangu."

"Basi unifukuze sasa, Baba. Kwa nguvu. Basikie."

Wasikilizaji wapendwa, Verdiane alipona, kule Kibua, kwa bantu ya mama yake. Ngombe za Rukara? Hakuna ilikufa juu ya ile sufuria. Lakini kilima haikusahau. Siku Rukara alikufa, bajirani bote bakamuzika. Ladislas hakuitwa.

Mama Verdiane, ule mutoto, leo uko na bajukuu. Dada Adelaïde, na jamaa yote: poleni sana. Mungu abafute machozi. Na weye mwanafunzi, unaingia auditoire, chumba ya masomo, mara ya kwanza: mbele ya kuandika neno "jamii," jiulize nani alikufundisha kile unaogopa. Jiulize pia utabaki na nani, siku utakiacha.

Siye tumuache Ladislas pale, ile asubui. Rukara anavuta pumzi. Anatazama Verdiane. Anavuta tena.

"Toka! Weye si mutoto wangu! Toka mu nyumba yangu!"

Kilima nzima inasikia. Mikono ya muzee inabaki mbele, kama ya muntu anataka kupokea kitu. Jeannette anabeba sufuria. Ladislas anabeba Verdiane, anapita kandokando ya baba yake, anatoka, na mulango anaufunga na nguvu, kusudi Kanyamibwa asikie.