Waya Ulikuwa Mzima

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliokalishwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na kibanda changu cha kinyozi, ukitazamana na zahanati. Alhamisi ile, saa tisa na nusu, tulikuwepo wale wale: Fundi na sindano yake, Bi Chupa anayetuuzia kahawa, na Mzee Simu, aliyestaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kupanda nguzo za simu. Pembeni alikaa mteja mmoja tusiyemjua, mguu mmoja kwenye kandambili ya kuazima, akingoja kiatu chake kishonwe. Ndipo akaja Injinia. Si injinia wa chochote. Ni karani wa masjala ya zahanati, lakini ndiye anayeijua kompyuta yao ya mezani, ile aliyoiwekea mfumo wa Linux mwenyewe. Tangu Jumatatu haikuwa na mtandao, na wagonjwa walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu mafaili yao hayafunguki.

— Vipi, Injinia, mtandao umerudi? akauliza Fundi.

— Umerudi.

— Sasa mbona sura hiyo? Kunywa kahawa basi!

Akapokea kikombe, akakishika tu.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, Mzee Simu akaanza. Ni maji. Yule mama wa usafi kadeki, kalowesha waya. Waya ukinywa maji, yanatembea mle ndani pole pole. Leo yamekauka, mtandao huo.

— Maji gani, Mzee? Bi Chupa akamkata. Ni ile dawa anayodekia. Mimi huku ng'ambo ya barabara inaniwasha macho. Kompyuta ina feni, inavuta hewa. Imevuta dawa, imelewa siku tatu!

— Nyote hamjui, akasema Fundi. Mimi nimemwona anavyofagia. Anafagia kuelekea mlangoni. Mtandao unaingia kwa mlango ule ule, yeye anausukuma nje. Ungekaaje?

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi, nikaongeza kwamba siku moja angemfagia hata daktari. Injinia hakucheka. Alikuwa anaangalia kikombe kama mtu aliyeona nzi ndani.

— Siyo yeye, akasema.

— Siyo nani?

— Yule mama. Hakufanya kitu.

Fundi akaacha kuvuta uzi.

— Si ulisema wewe mwenyewe kaung'oa waya?

— Nilisema. Jumatatu asubuhi nimefika, kompyuta haina mtandao, nje foleni imefika getini. Nikainama chini ya meza, nikakuta waya una majimaji. Sikutazama kingine. Nikamwita msimamizi, nikamwambia mbele ya wagonjwa, huyu mama kaharibu waya.

— Na yeye alisema nini? nikauliza mimi.

— Alisema, "Baba, waya niliuinua nikauweka juu ya kiti, nikadeki, nikaurudisha. Sijauchomoa." Nikamjibu, "Wewe unajua nini kuhusu kompyuta?"

Bi Chupa akaguna.

— Watu wakacheka, akaendelea Injinia. Msimamizi akamwambia aache ndoo pale pale, aende nyumbani mpaka aitwe. Nikabadilisha waya mara tatu. Nikaizima ruta, ile inayogawa mtandao, nikaiwasha. Nikaichomeka kompyuta ya daktari kwenye waya ule ule, ikapata mtandao. Hata hapo sikutaka kuelewa. Nikasema labda ile ya kwangu imeungua kwa maji.

Mzee Simu alikuwa ameinamisha kichwa, akili yake imerudi kazini.

— Hebu niambie. Pale nyuma, unapochomeka waya, kuna kijitaa. Kilikuwa kinawaka?

— Kilikuwa kinawaka.

— Kinapepesa?

— Kijani, kinapepesa. Tangu Jumatatu.

— Basi waya ulikuwa mzima, mwanangu. Mzee akashusha pumzi. Na mimi nimekaa hapa siku tatu naeleza habari za maji. Swali la kwanza kabisa hilo, na sikukuuliza.

— Sasa kilikuwa nini? Bi Chupa akauliza.

Injinia akakizungusha kikombe mkononi.

— Ijumaa jioni nilikuwa nahangaika na printa mpya. Nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao. Kompyuta kwa kawaida inapewa anwani yake na ruta, yenyewe, hugusi kitu. Mimi nikaibadilisha, nikaiandikia anwani kwa mkono, na tarakimu moja nikaikosea. Printa ikakataa, nikachukua mkoba nikaenda zangu. Nikasahau. Leo asubuhi ndiyo nimeuliza mashine, anwani yako ni ipi? Ikanionyesha ile ile niliyoiandika mimi. Nikarudisha kama zamani. Hata sekunde tano hazikufika, mtandao huo.

— Basi yamekwisha, akasema Fundi kwa sauti ya kubembeleza. Kuteleza kupo.

— Aliyemfukuza ni msimamizi, si wewe, Bi Chupa akadakia.

— Na huenda alikuwa na makosa mengine tusiyoyajua, nikasema mimi. Nalikumbuka neno hilo kila nikipita mbele ya zahanati.

— Msimamizi kaniuliza leo, "Kumbe ulikuwa waya?" Injinia akasema. Nikamjibu, "Ndiyo, nimebadilisha." Na kweli nilibadilisha. Juzi.

Ndipo yule mteja mwenye kandambili moja akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Hakuuliza kwa ukali.

— Samahani, huyo mama anaitwa nani?

Fundi akamtazama Bi Chupa. Bi Chupa akamtazama Mzee Simu. Mimi nikajifanya nakung'uta nywele kwenye koti langu.

— Sisi humwita mama wa usafi, akasema Injinia taratibu.

— Miaka mingi?

— Minne. Kwenye ripoti niliyompa msimamizi nimeandika "mfanya usafi". Mwanangu ana pumu. Kila asubuhi yule mama huniuliza kifua chake kimeamkaje, na humtaja kwa jina.

Akakiweka kikombe juu ya ubao, akasimama.

— Naenda kwa msimamizi. Nitamwambia yote, halafu nitamwuliza jina la yule mama na anapokaa.

Akavuka barabara. Mteja akapokea kiatu chake, akashukuru, akaondoka. Sisi tukabaki, kila mtu na mikono yake. Yule mama alikuwa akipita mbele ya ubao huu kila alfajiri akitokea bondeni, anatusalimu mmoja mmoja, "Kinyozi, umeamkaje," nami namjibu bila kuinua uso kwenye wembe.

Kwenye saa kumi na moja tulimwona Injinia anatoka getini, kikaratasi mkononi. Alikuwa anakisoma huku anatembea, midomo inacheza, kama mtoto anayekariri ujumbe aliotumwa asije akausahau njiani. Hakupita kijiweni. Alikata kushoto, kwenye njia ya kuteremkia bondeni.

Hakuna aliyethubutu kumwita amwulize lilikuwa jina gani.