Themostati ya Mwisho ya Fundi Mihayo

Wasikilizaji wapendwa, jirani wa Fundi Mihayo, Mzee Mashimba, anasema fundi huyo alirogwa. Anasema alimwona kwa macho yake, asubuhi ya mnada, akilikimbiza lori la pamba barabara ya Lamadi, viatu mkononi, anapiga kelele: "Simama! Nimekuharibia gari!"

"Mtu mwenye akili zake," anauliza Mzee Mashimba, "anajitangaza hivyo?"

Mihayo hakurogwa. Fundi Mihayo, mume wa Kwandu, aliyefariki Jumanne hapa Bariadi, alikuwa na haraka. Mkewe anajua haraka hiyo ilianzia wapi. Ilianzia jikoni kwake.

Kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, malori yalimiminika mjini. Mengi mitumba. Yalifika yanachemsha, maji ya rejeta yanaruka. Mihayo alikuwa na dawa moja, dawa ya mafundi wengi hapa. Anafungua bolti mbili juu ya injini, anachomoa themostati, anaitupa kwenye debe.

"Hii ni ya nchi za barafu," aliwaambia madereva. "Kwetu hapa ya nini?"

Maji yakapita wazi. Gari likaacha kuchemsha. Madereva wakamsifu. Malori kumi na moja aliyafanyia hivyo. Kumi na moja.

Ndipo akarudi Novatus, dereva wa lori la kijani, ambaye hilo lori ndilo shamba lake na ndilo ng'ombe wake.

"Fundi, linakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka Meatu kiangazi. Asubuhi moshi mweupe. Mlima halipandi."

Akaondoka kwa hasira, kwenda kubeba dagaa Lamadi.

Mihayo hakumaliza ugali. Alikaa, akainuka. Akakaa, akainuka. Mwisho akaokota themostati moja kwenye debe, akaitumbukiza kwenye sufuria ya Kwandu, maji ya chai bado baridi. Imefunga. Wakachuchumaa wote wawili, wanatazama. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafunguka yenyewe, taratibu, kama mdomo wa kambare. Akaitoa. Ilipopoa, ikafunga.

"Mama Milembe, umeona?"

"Nimeona umenitilia grisi kwenye chai."

Kumbe kazi yake ndiyo hiyo, wasikilizaji. Injini ikiwaka, moto uko ndani ya silinda, na maji yanazunguka kuipoza. Lakini injini ya baridi nayo inaumia. Dizeli haiungui yote. Inaosha oili kwenye kuta za silinda, chuma kinasaga chuma. Themostati inayazuia maji humo humo mpaka injini ipate joto lake, ndipo inayafungulia yaende kupoa kwenye rejeta. Ugonjwa wa yale malori ulikuwa rejeta zilizoziba kwa kutu. Mihayo aliuacha ugonjwa, akamfukuza mlinzi.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akisikia lori, anaacha sahani. Alikwenda Kimali kwa baiskeli. Alikwenda Migato. Kwandu alifuatana naye, anamshikia spana. Dereva mmoja aliwacheka: "Fundi gani anarudia kazi bure? Umeokoka?"

"Fungua boneti," Mihayo akajibu.

Malori kumi yakazibuliwa rejeta, yakarudishiwa themostati. Kumi. Likabaki moja, la Novatus. Mara tatu Mihayo alikwenda Lamadi, mara tatu akaambiwa Novatus ametoka jana. Jumatatu alikuwa anajaza upepo baiskeli aende mara ya nne. Kifua kikambana.

"Hata pale hospitali," anasema Kwandu, "lori likipita nje ananiuliza, ni lile?"

Tunampa pole Kwandu, binti yake Milembe, na ukoo mzima. Nawe unayetusikiliza, iko kazi uliyosifiwa, baadaye ukajua ulikosea? Aliyeumia unamjua? Umemfuata?

Kwandu ametuomba tusome maneno yake kama yalivyo: "Novatus, ipo themostati yako, nimeifunga kwenye kitambaa. Usije kwa ajili ya msiba, msiba utaisha. Njoo na gari, tuzibue rejeta kabla injini haijafa. Ni bolti mbili. Nitafunga mwenyewe."

Tangu Alhamisi tunayasoma, asubuhi na jioni. Leo ni Jumapili. Novatus, hujajibu.