Marehemu Sosamma Pothen, Mkusanya Machozi wa Maramon

Zamani mtu akiumwa macho hapa Maramon aligonga mlango wa Mzee Mathunni, akatibiwa na mtu aliyemjua babu yake. Siku hizi anapewa namba, anakaa chini ya feni, na anaitwa kwa namba hiyo. Sosamma, binti wa Mzee Mathunni, aliishi nyakati zote mbili, na hakuna wakati aliouonea haya.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, wa pili na wa mwisho, katika nyumba iliyonuka kafuri mwaka mzima. Baba yake alitengeneza dawa ya macho kwa maji ya dafu, asali na kafuri. Ilichoma vikali, machozi yakamwagika, na watu wakasema macho yameoshwa.

Sosamma alisoma shule ya kanisa hadi darasa la kumi, mwaka 1967. Kaka yake, Ulahannan, alitolewa darasa la nne ili asage dawa. Mengine alijifunza kwenye magazeti ya kufungia chupa. Sosamma alimsahihisha bila kumcheka, isipokuwa siku moja kaka alipomsomea baba tangazo la harusi kwa sauti ya tanzia.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika maabara ya hospitali moja ya macho mjini Kottayam. Tarehe 10 Januari 1976 aliolewa na Pothen, tarishi wa posta, aliyekuwa akimkabidhi mkononi hata barua za kuachwa mlangoni. Walijaliwa watoto wawili, Binoy na Lissy. Pothen alitangulia mwaka 2015.

Kazi atakayokumbukwa kwayo ilianza mwaka 2004. Glakoma humla mtu uoni polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu. Daktari Vasudevan wa hospitali hiyo alitaka kujua kama protini zilizomo kwenye machozi zinaweza kuutaja ugonjwa huo mapema, uoni ukiwa bado mzima. Sosamma alichomeka ukanda mwembamba wa karatasi ndani ya kope ya chini ya mgonjwa, akangoja dakika tano unyonye machozi. Mgonjwa hakutakiwa kulia, maana machozi ya kilio ni maji matupu. Kwa hiyo aliwauliza jana walipika samaki gani, nao wakasahau hofu.

Baada ya miaka miwili protini moja ilionekana juu kwa wenye glakoma na chini kwa wazima. Daktari alinunulia maabara nzima vitamutamu. Sosamma hakula. Alikuwa amenusa kafuri kwenye kanda za karatasi. Aliwauliza wagonjwa mmoja mmoja, na kati ya sitini, hamsini na mmoja walikiri kwamba asubuhi ya kliniki walitia dawa ya Maramon, ili wamfikie daktari na macho safi; wazima hawakuwa na haja nayo. Kilichoipandisha protini ni mchomo wa dawa, si ugonjwa.

"Sosamma, hapa hakuna mwingine aliyenusa kitu," daktari alisema. "Una hakika?"

"Nimelelewa ndani ya harufu hiyo, daktari. Anayeitengeneza ni kaka yangu."

Kazi ya miaka miwili ilianzwa upya, na bango la kuikataza dawa likabandikwa mlangoni pa kliniki. Wateja waliacha kuja Maramon. Ulahannan alimwambia dada yake mbele ya waumini, "Umemtukana baba kaburini." Hakumsemesha tena kwa miaka mitatu, na miaka yote hiyo aliitia dawa ile machoni mwake mwenyewe, mara tatu kwa siku, kwa ukaidi.

Mwaka 2009, miezi miwili kabla ya kustaafu, Sosamma alifika kwake na sufuria ya muhogo na mchuzi wa samaki. Ulahannan alitoka kumzuia, akajigonga bega kwenye mwimo.

"Kaka, mlango huu umeuona?"

"Nimeuona vya kutosha kukufungia."

"Haya, ufunge basi. Kitasa kiko upande wa pili."

Kesho yake alimpeleka Kottayam. Glakoma ilikuwa imekwisha kula nusu ya uoni, na kilicholiwa hakirudi. Akiwa na ukanda mkononi, Sosamma alimuuliza kama asubuhi ametia dawa yake. Akakana.

"Kaka yangu, unanuka mpaka barabarani!"

Walicheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka, na siku hiyo hakikupimwa kitu. Tangu hapo, asubuhi na jioni kwa miaka kumi na minne, Sosamma alimtilia kaka yake matone ya hospitali kwa mkono wake.

Machi 2023 aligunduliwa kansa ya kongosho. Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Ameacha Binoy, aliyefika jana kutoka Kuwait na kuagiza jeneza la barafu la kuhifadhia mwili na mpiga video, mambo ambayo mama yake asingeyaagiza. Ameacha Lissy, wajukuu wanne, na kaka yake. Mungu amlaze mahali penye utulivu.

Ulahannan alimwona mara ya mwisho Jumanne, tarehe 1 Agosti, wodini. Sosamma aliomba ainuliwe, akaomba na chupa ya matone.

"Sogea, Kaka. Saa imefika."

Tone la kwanza lilianguka shavuni, la pili likaingia.

"Usifumbue. Hesabu mpaka sitini."

Ulahannan alihesabu zote, hakuruka hata moja. Alipofumbua, dada yake alikuwa amelala. Kwa uoni uliombakia aliweza kuona uso wake, au mkono ulioshika chupa, si vyote viwili. Akautazama uso.