Dkt. Beryl Mbodze Chengo na Betri Aliyoikana Hadharani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Mzee Chengo wa Kikoneni, haya ndiyo maisha ya binti yake, marehemu Dkt. Beryl Mbodze, kitinda mimba wa Mzee na marehemu mama Eunice, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1984.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, sekondari Msambweni, kisha chuo kikuu Nairobi, alikohitimu shahada ya uzamifu katika fizikia mwaka 2015, akaajiriwa katika maabara ya betri Diani. Alifunga ndoa na Bwana Mwero tarehe 10 Desemba 2016, wakajaliwa binti mmoja, Mercy.

Kazi yake ilikuwa kutafuta betri isiyo na kimiminika cha kushika moto, bali yenye kitu kigumu kama kigae, ambamo ioni za lithiamu, yaani chembe zinazobeba chaji, hupenya kwa kuruka tundu hadi tundu, na upana wa matundu hayo hutegemea jinsi atomi zilivyojipanga, zikisongamana mno ioni hukwama.

Machi 2021 alitangaza katika makala ya kisayansi kwamba kigae chake kinapitisha ioni kwa kasi ya ajabu, magazeti yakaandika, na Mzee akachinja fahali, akaalika kijiji kizima. Baadaye Beryl na mwenzake Masila walikikausha kigae kile kwenye tanuri, wakapima upya, na kasi yote ikatoweka, kwani kilichobeba chaji kilikuwa unyevu wa hewa yetu ya pwani ulioingia kwenye nyufa, wala si lithiamu.

“Nitamwambia nini baba, naye ameshalisha watu?” Beryl alimwuliza Masila.

Aliikana makala yake kabla hajaulizwa na mtu, lakini aibu ilimla. Sokoni babake aliitwa Baba Betri, kwa kicheko, na Beryl aliposikia hayo akaacha kuja nyumbani, hata mama Eunice alipozikwa, Februari 2023, alisimama nyuma kabisa, amejifunika leso, akaondoka kaburi likiwa wazi.

Baada ya mazishi Mzee alimfuata Diani.

“Shikamoo, baba,” alisema, macho chini.

“Marahaba, mwanangu. Mimi wanicheke, wakichoka wataacha. Lakini mamako alikuwa akikutazamia njiani. Twende ukamtilie udongo.”

Akaenda, akautia, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani, akaeleza kosa lake. Mwaka 2024 yeye na Masila waliweka atomi kubwa zaidi mahali pa baadhi ya zile za awali, matundu yakapanuka kidogo, kigae kikavu kikapitisha chaji, kwa kasi ndogo mno kuliko ile aliyoitangaza, naye akaiandika vivyo hivyo ilivyokuwa. Aibu ya kigae ilipungua, ya mamake haikumtoka.

Novemba mwaka huo aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akafariki Msambweni tarehe 3 Juni 2025, baada ya kutuagiza, “Yasomeni yote, msinipambe.”

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, Bwana Masila na wenzake wa maabara.

Beryl, pumzika kwa amani, hapa kwenu hakuna unayepaswa kumkwepa.