Bahiya bint Basil, Aliyewekwa Ndani Kiponda (1994–2025)

Bahiya alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 1994, Kiponda, Mji Mkongwe, mtoto wa pekee wa marehemu Basil Saud na Bi Saadiya. Alitembea akiwa na miezi kumi. Sura aliichukua ujombani, upande ambao uzuri haujapata kuadimika, na anayebisha amtazame mjomba wake Mahfoudh.

Alianza skuli na chuo cha Kurani mwaka 2001. Mwaka huohuo ndipo alipoanza kuyumba. Alikuwa akisimama kusoma, mara macho yanamcheza, miguu inamtupa, kisha baada ya saa chache mzima. Wapo waliosema kakanyaga pabaya, kapigwa na jini. Akanyweshwa makombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Bi Saadiya, kwa kuogopa midomo ya watu, akamtoa skuli na kuwaambia majirani kuwa binti yake amewekwa ndani, kama walivyowekwa bibi zake.

Hapo familia ikajifunga yenyewe. Mtaa mzima ulisifu. Wanawake walikuja kumpongeza Bi Saadiya kwa malezi, na kila sifa ikawa komeo jipya mlangoni. Bahiya akawa anawajua watu wa Kiponda kwa utosi, kutoka dirisha la ghorofa ya pili. Alijua nani anaota kipara kabla mkewe hajajua.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua. Siku za kuyumba, mshono nao uliyumba. Kofia moja ilipinda kweli, na mjomba wake akaivaa Idi nzima akiwaambia watu kuwa ndiyo fasheni mpya ya Maskati. Wanne waliagiza kama ile.

Posa nazo zilimiminika, maana nani asiyemtaka binti aliyehifadhiwa hivyo? Aliyekubaliwa ni Makungu, mfanyabiashara wa mwani kutoka Chwaka. Kabla ya nikaha Bahiya alimwambia mbele ya mjomba wake, "Wanakudanganya. Mie sikuwekwa ndani kwa heshima. Nnaanguka."

Makungu akafikiri, kisha akauliza, "Unaangukia upande gani, nkae upande huo?"

Walioana tarehe 8 Aprili 2017. Bahiya alitumai kwenda Chwaka, lakini mama yake alikataa katakata: nyumba za shamba ziko wazi, nani atamficha? Makungu akahamia ukweni. Tahiya, binti yao, alizaliwa mwaka 2019.

Mwaka 2022 daktari wa ubongo alimpima, na damu ikapelekwa nje. Jawabu lilipokuja, wenye digrii katika ukoo walikuna vichwa. Mjomba, wa darasa la saba, akaelewa mara moja. Seli za ubongo zina vijilango vya kuingizia kalsiamu, na bila kalsiamu hiyo seli haimpi jirani yake habari. Seli changa hutegemea zaidi vijilango vya aina moja. Zikipevuka, aina nyingine hushika kazi. Vya utotoni vya Bahiya vilikuwa salama. Vya ukubwani ndivyo vilivyokuwa na hitilafu, tangu tumboni, ikawa haionekani mpaka zamu yao ilipofika. Jini alisingiziwa bure.

Dawa zilipunguza kuanguka. Mlango haukufunguliwa. Waliosifu miaka ishirini wangeambiwa nini?

Mwaka huu Tahiya naye akaanza kuyumba, na bibi yake akasema awekwe ndani. Bahiya hakupata kumjibu mama yake maishani, lakini siku hiyo alisema, "Mama, mie nlikaa. Tahiya hakai."

Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, alimshika mwanawe mkono kumpeleka skuli mwenyewe. Aliteleza ngazini, akajigonga kichwa kidogo tu. Kwa maradhi yake, kidogo hicho kilikuwa kingi. Ubongo ulivimba. Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Septemba, akazikwa Mwanakwerekwe baada ya alasiri.

Ameacha mama, mume, binti na mjomba, ndiye anayewasomea haya. Maradhi yake yametajwa hapa kwa ridhaa ya Bi Saadiya, aliyesema mwenyewe, "Yasome yote, wasije tena kunipongeza."

Tahiya yupo chini, anacheza na wenzake. Akiyumba, mshikeni mkono, mngoje atulie, kisha mwacheni aendelee kucheza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bahiya, na kaburi lake alifanye pana.