Moto Usiounguza

Gazeti lilikuwa mkononi mwa mwalimu mstaafu, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Ndani ya basi la kwenda hospitali, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amembana kwa maswali dada mwenye kitambulisho cha maabara.

"Plazma naijua, dada. Ni ule moto wa umeme ninaokatia vyuma. Leo nasikia mnatibu nao saratani ya ubongo. Mke wangu anayo, na kichwa chake si bati."

"Yenu ni ya moto, kaka. Yetu ni baridi. Hata ukiweka kidole huungui."

Fundi akavitazama vidole vyake vyenye makovu. Mwalimu naye akavitazama vyake, kana kwamba kaulizwa.

"Na seli za saratani zinakufa?"

"Nyingi zinakufa. Ila ni kwenye visahani vya maabara tu. Kwa watu bado."

Hapo hofu ya fundi ikageuka kuwa haraka. "Bado mpaka lini? Sisi tumepewa miezi michache tu."

Dada akageukia dirisha.

"Hizo za kwenye visahani mlizitoa wapi?"

"Kwa mgonjwa mmoja, mama wa makamo. Tunazikuza mpaka leo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Basi likasimama. Dada akashuka bila kuaga, na maabara ya hospitali ilikuwa bado vituo viwili mbele.